Mama Boksi Akabidhi Simu ya Zamu

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi na moja kamili jioni, karani wetu wa masjala atafunga mlango wa ofisi yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika kliniki hii ya mifugo. Kwa miaka ishirini na minne kati ya hiyo alikuwa na kazi mbili: ile aliyoajiriwa, iliyokuwa ikiisha saa kumi na moja, na ile aliyojitwika mwenyewe, iliyokuwa ikianza saa kumi na moja na dakika moja.

Ya kwanza tunaijua sote. Faili la paka aliyekufa miaka kumi na mitano iliyopita angekupa kabla hujamaliza kutaja rangi ya manyoya yake. Ya pili ndiyo iliyomfanya ajulikane hadi na watu wasiofuga hata kuku. Kwa wasioifahamu, Huduma ya Jioni ni hivi: mtu akikuta ndege, popo, kobe au mnyama yeyote wa porini ameumia wakati sisi tumeshafunga, anapiga namba iliyobandikwa dirishani. Anayepokea humwelekeza la kufanya, na ikibidi humfuata mnyama huyo na kumhifadhi hadi Daktari afike asubuhi. Malipo hakuna. Posho hakuna. Kunyewa mikononi kupo, na hakukosi.

Huduma hii ilianza na mfuko wa plastiki. Asubuhi moja karani wetu alikuta mfuko umening'inizwa langoni, ndani yake ndege aina ya kigong'ota amekufa, pamoja na kikaratasi kilichoandikwa: "Nilifika jana jioni, mmefunga." Waliokuwepo wanasema wote walisikitika, wakanawa mikono, wakaenda kunywa chai. Yeye alichukua kalamu nene, akaandika namba ya simu ya nyumbani kwake kwenye karatasi, akaibandika langoni. Daktari akamwambia aitoe, kliniki isije ikaonekana inaahidi isichokiweza. Akaitoa kwa heshima zote. Kisha akaibandika kwa ndani kwenye kioo cha dirisha la masjala, maandishi yakitazama barabarani. Alipoulizwa alisema dirisha ni la masjala, na karatasi nayo ni ya masjala. Karatasi hiyo imebadilishwa mara tisa kwa sababu ya kufifia, na haijawahi kutolewa tena.

Jina la Mama Boksi alipewa na wauza viatu. Mnyama aliyeumia anahitaji giza, kimya na mahali pa kubana kidogo, na boksi la viatu lina vyote vitatu, hivyo hakuna duka la viatu katika mtaa huu ambalo hajaingia kuomba maboksi. Mumewe anaapa kwamba mkewe huchagua viatu kwa kuangalia ukubwa wa boksi. Tulidhani ni utani wa mume, mpaka alipokuja kazini na viatu vya kiume namba arobaini na nne, akatuambia kwa uso mkavu kwamba vina nafasi ya kutosha.

Kwenye simu hana maneno mengi. "Mfunike. Mweke penye giza na kimya. Usimpe maji, usimpe mkate, usimpe maziwa. Halafu kaa naye mbali." Watu hawapendi kuambiwa wakae mbali. Muuza nyama wa mtaa wa pili aliwahi kupiga simu amekasirika kwelikweli, kwa sababu njiwa pori aliyemwokota amekataa mnofu laini kabisa wa fileti, naye ameona amedharauliwa. Mama Boksi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole kwa niaba ya njiwa, akaenda kumchukua.

Kila simu huandikwa kwenye daftari kubwa la zamu, na daftari hilo ni burudani tosha. Kuna jioni alikimbilia nyumba ambamo familia nzima ilikuwa imepanda juu ya meza, kwa sababu nyoka mweusi alikuwa amejiviringisha nyuma ya mashine ya kufulia. Maandishi yake ya jioni ile yanasomeka hivi: "Aina: mkanda wa suruali. Hali: mzima. Hatua: umerudishwa kwa mwenyewe, ambaye anaendelea vizuri."

Kisa cha kobe anakisimulia yeye mwenyewe, hata bila kuombwa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alipiga simu Jumatatu kwamba kobe anavuka barabara kuu mbele ya duka lake. Mama Boksi akamchukua, akamrudisha salama bondeni alikotokea. Alhamisi akapigiwa simu ya kobe wa pili, mahali palepale. Naye akarudishwa bondeni. Jumanne wa tatu. Kwenye daftari akaandika kwamba bondeni kobe wanaongezeka, jambo la kutia moyo. Wa nne akampaka tone la rangi ya kucha kwenye gamba, basi tu, kwa kumbukumbu. Jumamosi wa tano alipokuja amepaka rangi ya kucha, ukweli ukajulikana: kobe alikuwa mmoja. Kwa wiki mbili alikuwa akijivuta kwenda ng'ambo kwa shughuli zake, na kila akikaribia kufika, watu wema wanambeba na kumrudisha alikoanzia. Tangu hapo sheria ya zamu ni kwamba kobe huvushwa kuelekea upande unaotazamwa na pua yake. Mama Boksi hufuta machozi ya kicheko na kuongeza kwamba kobe yule hakumsamehe.

Haiwezekani kumtaja yeye bila kumtaja mumewe, fundi wa makochi, ambaye hajawahi kujiandikisha kwenye huduma hii lakini ndiye dereva wake tangu mwanzo. Ameendesha gari akiwa na kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, mapajani. Amekula chakula cha jioni kimepoa kwa miaka mingi kuliko alivyokila cha moto. Kwenye friji yao kuna bakuli lenye kifuniko chekundu ambalo ndani yake huwa maini ya kuku yaliyopondwa na mayai ya kuchemsha, chakula cha kalunguyeye, na kila mtu wa nyumba ile anajua halishikwi. Shemeji alipokuja kutembea hakuambiwa. Alilimaliza bakuli zima na vipande vinne vya mkate, akasifu, akalalamikia chumvi tu. Mpaka leo hajaambiwa, na tunaomba nakala ya jarida hili isimfikie.

Sasa nije kwenye bundi, maana atakayesoma mpaka hapa atadhani miaka ishirini na minne ilikuwa vicheko mwanzo mwisho.

Mwaka wa kumi na mbili wa huduma, waliletwa bundi wawili wakubwa wa aina moja ndani ya wiki moja. Mmoja aliokotwa na mtunza majengo wa shule, chini ya paa la ukumbi. Mwingine alitoka kwenye karakana ya mbao, upande wa pili wa mji. Wote wawili walikuwa wametegua bawa. Wakati ule maboksi yao yalikuwa yale ya karatasi za mashine ya kunakili, yenye vifuniko vya kuchomoa, na Mama Boksi alikuwa akiandika kwenye kifuniko mahali mnyama alipookotwa. Hilo si jambo dogo, kwa sababu mnyama wa porini akipona hurudishwa palepale alipotoka. Ana makazi pale, mara nyingine ana mwenzake, mara nyingine ana watoto.

Siku ya tisa bundi walikuwa wamepona. Mama Boksi alisafisha maboksi, akaegemeza vifuniko ukutani vikauke, akavirudisha. Jioni ile alimwachia mmoja shuleni na mwingine kwenye karakana, akaenda kulala na furaha yake.

Siku mbili baadaye mtunza majengo alipiga simu. Alisema ndani ya paa kuna makinda wanalia mchana na usiku, na kwamba bundi aliyeletwa anafukuzwa na yule aliyekuwepo, hapewi hata nafasi ya kutua. Mama Boksi alienda jua likizama, akasimama uwanjani, akatazama bundi mmoja akihangaika peke yake kulisha vinywa vitatu. Hakuhitaji kuambiwa. Vifuniko vilikuwa vimebadilishana, na mama wa makinda wale alikuwa kwenye karakana ya mbao, kilomita kumi na moja kutoka kwa watoto wake.

Asubuhi alimwambia Daktari kabla Daktari hajavua koti la mvua. Daktari, kwa nia njema kabisa, alisema bundi wote ni sawa machoni pa watu, hakuna atakayejua. Akamjibu, "Makinda wanajua." Alikaa jioni nne juu ya magogo ya karakana ile na wavu mkononi, mumewe akiwa amekaa gogo la pili bila kuthubutu kukohoa. Jioni ya nne alimpata, na usiku huohuo akamrudisha shuleni. Kwa kinda mmoja walikuwa wamechelewa. Wawili waliishi na wakaruka.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimheshimu mtu huyu kuliko mabosi wote niliowahi kuwa nao, na Daktari anisamehe. Alifungua daftari, akaandika kisa chote kwa wino mwekundu, kuanzia vifuniko mpaka kinda aliyekufa, na juu yake akaandika: "Kosa langu." Akaanzisha utaratibu ambao haupo mahali pengine popote ninapopajua. Yeyote anayetaka kujitolea, kabla hajapewa hata glavu, anasimama na kuusoma ukurasa ule kwa sauti. Kisha ndipo anaonyeshwa kwamba siku hizi tunaandika kwenye ubavu wa boksi, kamwe si kwenye kifuniko. Kila kosa lililofuata, dogo au kubwa, nalo likaandikwa kwa wino mwekundu na jina la aliyelifanya.

Mwanzoni mwa mwaka huu, Daktari alituita sote kwenye chumba cha chai. Alisema Mama Boksi anastaafu, na kwamba hawezi kuacha dirishani namba ambayo italia bila mtu wa kuipokea. Kama hadi mwisho wa mwezi uliopita wangekuwa hawajapatikana watu watano wa kugawana zamu, karatasi ingetolewa na Huduma ya Jioni ingefungwa. Kwa wiki nzima hatukuzungumza kingine. Halafu tukarudi kwenye kazi zetu, kila mmoja akitumaini kwamba jirani yake atajiandikisha.

Hadi katikati ya mwezi uliopita walikuwa wamepatikana watatu: mwosha mbwa, mlinzi wa zamu ya mchana na muuguzi wetu mpya. Mama Boksi hakumbembeleza mtu. Kila saa ya chai aliweka daftari mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa mwekundu, akanywa chai yake, akaondoka. Dereva wa kliniki aliusoma siku tatu mfululizo, ya nne akaomba kalamu. Wakawa wanne, na siku zilizobaki zilikuwa mbili.

Hapa inabidi mwandishi wa maneno haya, ambaye ni mtunza stoo wa kliniki, ajitaje. Kwa miaka kumi na moja nilimpiga chenga Mama Boksi kwa ustadi mkubwa. Nilikuwa na mzio wa manyoya. Nilikuwa na goti. Nilikuwa na mama mkwe mgonjwa, ambaye anatembea kwa kasi kuliko mimi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kwamba siku moja kiumbe kitakufa mikononi mwangu kwa sababu ya ujinga wangu, na mimi si mtu wa kulala vizuri na jambo kama hilo.

Alinifuata stoo siku ile, akaketi juu ya gunia la chakula cha mbwa, nikajikuta ninamwambia. Sikujua kama atanicheka au atanipa pole. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alipekua daftari kurasa kwa kurasa huku akihesabu kwa sauti, akafika kumi na nne. "Makosa kumi na manne," akasema. "Yangu yote haya, mwanangu. Njoo na yako, tutayaandika." Akaacha kalamu juu ya gunia. Nilikaa naitazama labda nusu saa, mteja wa dawa ya kupe akinisubiri dirishani. Kisha nikasaini, wa tano, siku moja kabla ya mwisho.

Simu ya zamu tulikabidhiwa tarehe mosi ya mwezi huu. Ni simu ya vitufe, kongwe, ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya nyumbani kwake, imefungwa kwa mpira mgongoni ili betri isidondoke. Mama Boksi alisisitiza aitoe mwezi mzima kabla ya kuondoka, ili kama kuna la kuharibika liharibike akiwa bado masjala. Jioni ya kwanza ilipolia, sote tulimgeukia yeye. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakuinuka. Mwosha mbwa ndiye aliyepokea, akababaika, akajirudi, akasema vizuri. Siku zilizofuata tulidhani atakuwa anapita kutuchungulia, lakini saa kumi na moja ilipofika alikuwa anachukua mkoba wake na kuaga.

Alhamisi iliyopita ilikuwa zamu yangu. Saa moja kasoro jioni simu ililia. Ilikuwa sauti ninayoifahamu kuliko ya dada yangu, ikanisalimia kwa adabu kama mtu tusiyejuana naye, ikaniambia kuna popo ameingia jikoni, amejigonga kwenye kioo, yuko sakafuni na bawa moja halikunjiki. Nikamuuliza kama ananipima. Akasema, "Hapana. Glavu nimerudisha. Mimi sasa ni mwananchi tu, nimepiga namba." Nilimwambia amfunike, asimguse kwa mikono mitupu, azime taa, afunge mlango na akae mbali. Alijibu ndiyo kwa kila neno.

Niliwakuta barazani yeye na mumewe, wameketi kwenye kochi moja, mlango wa jikoni umefungwa nyuma yao. Mimi na popo hatukuwa tumewahi kukutana ana kwa ana. Ilinichukua dakika arobaini, na mumewe anadai alinisikia nikimwomba popo radhi mara tatu. Muda wote huo mwanamke aliyeshika popo wengi kuliko mtu yeyote katika mji huu hakutia mguu mlangoni. Nilipotoka na boksi hakuliomba. Hakufunua. Aliinuka, akalitazama likiwa mikononi mwangu, akauliza kwa sauti ndogo swali wanalouliza wote wanaotupigia simu: "Atapona?"

Nilimwambia tutajitahidi, Mama. Akanishukuru, akaingia ndani na mumewe, na mlango ukafungwa. Nilipofika garini niliandika kwenye ubavu wa boksi: "Jikoni kwa Mama Boksi."

Mama Boksi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kliniki hii, wa madawati na wa vizimba, wa mchana na wa jioni, tunakushukuru. Umetupa miaka yako, simu yako, friji yako na mume wako, na umetufundisha kwamba kosa linaandikwa na kazi inaendelea. Tunakutakia wewe na fundi wetu wa makochi afya njema, chakula cha jioni kikiwa cha moto, na maisha mema ya siku nyingi zijazo.

Limebaki moja. Anayetupigia simu ana haki ya kupewa jibu siku hiyohiyo linapopatikana, na wewe ulipaswa kupigiwa tangu Jumapili. Tumekuchelewesha kwa makusudi, na mumeo, aliyetufungulia geti ukiwa kwa binti yako, ameapa hakufumbua kinywa. Kwa hiyo tunakujibu hapa, mbele ya watu wote. Uliuliza kama atapona. Alipona, Mama. Aliruka kutoka barazani kwako Jumapili, jua likizama, na hakugeuka nyuma.